Chupa Juu ya Dohani

Stuttgart, 2 Februari 1998

Dada yangu Hasibe,

Nakusalimu kwa salamu ya Kiislamu kutoka kwenye baridi inayouma mpaka mifupa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mke wangu Nermin. Maumivu ya goti yamemrudia, daktari amemkataza kupanda ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya nne. Mwanetu Erol amepata kazi kiwandani kwetu, idara ya rangi, naye anakusalimu. Ningepiga simu, lakini simu ya Karasaz iko kwenye mkahawa wa Hilmi, na neno likisemwa pale asubuhi, adhuhuri limeshavuka mto.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dada, una mali mlangoni na hujui. Nimekutana na kijana anaitwa Tuncay, mtu wa Antalya, ana kampuni ya kupeleka wageni vijijini. Nilimwonyesha picha za nyumba ya Baba na mto, akazitazama dakika nzima. Watu wa mijini wamechoka, wanatafuta mahali pa kupumzisha kichwa. Ameshaandika na tangazo. Nakunakilia:

"Karasaz, kijiji cha mto unaoimba na watu wasiojua haraka. Hapa wakati umesimama. Lala katika nyumba ya mawe yenye umri wa miaka mia, amka kwa sauti ya jogoo, kunywa maziwa yaliyokamuliwa mbele ya macho yako na mwenyeji halisi."

Mwenyeji halisi ni wewe. Huna haja ya kujifunza chochote, kaa tu kama ulivyo. Vyumba vyote vya juu vitakuwa vya wageni. Wewe utahamia kile cha chini nyuma ya jiko, tulipokuwa tukilaza ndama. Kitapakwa chokaa, kitapendeza, na uzeeni hutasumbuka na ngazi.

Kwa kuwa hati ya nyumba ina majina yetu mawili, Tuncay hawezi kufanya lolote bila saini yako. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimetia alama ya kalamu mahali pa kusaini, usije ukapotea.

Ndugu yako,
Nevzat


Karasaz, 1 Machi 1998

Mdogo wangu Nevzat,

Na kwako iwe amani, wewe na watu wako. Mwambie Nermin akande goti lake kwa majani ya kabichi yaliyopashwa moto, na asimsikilize daktari anayekataza ngazi bila kuhamisha nyumba. Barua yako ilitumia siku kumi na sita njiani, mbili kati ya hizo ikiwa mfukoni mwa Hilmi. Aliniletea imefunguka, akasema gundi ya Ujerumani siku hizi ni mbovu. Kwa hiyo hiyo siri uliyoikwepesha simu, kijiji kizima kinaijua, na watu wawili wameshaniuliza chumba cha ndama kitapakwa chokaa lini.

Huku tuko salama. Ng'ombe amezaa. Jirani yangu Cemile amemwoza mjukuu wa tatu, na harusini alicheza mpaka akateguka mguu.

Huo mto wenu unaoimba, mwezi huu umeimba mpaka jikoni. Umeondoka na kuku wawili, beseni langu la kufulia na mbao za daraja. Mwezi wa nane utanyamaza na kuanza kunuka, na mbu wake watakuwa wakubwa kiasi cha kuwapa majina. Na hao watu wasiojua haraka ni akina nani? Aje Tuncay amwone Cemile, na mguu wake ule ule mbovu, mbuzi akiingia kwenye maharage yake.

Nyumba Baba aliijenga mwaka arobaini na tisa. Imenizidi miaka miwili. Kama ina miaka mia, basi mimi nina tisini na nane, na namshukuru Mungu kwa meno aliyoniachia.

Sasa nisikilize. Katika nyumba hii nilimuuguza Mama miaka kumi na moja, nikimgeuza kitandani asubuhi na jioni kama mkate. Baadaye nikamuuguza Baba. Wewe ulituma picha umesimama kando ya gari. Sina mume, sina mtoto, sina pensheni ya kiwanda. Nina kitanda changu kwenye chumba cha juu kinachotazama mto, basi. Ndama alikuwa akilala chini kwa sababu ni ndama.

Huyo Tuncay aje kutazama, sitamfukuza mtu mlangoni. Karatasi yako nimeichomeka nyuma ya kioo. Saini haina.

Dada yako,
Hasibe


Stuttgart, 20 Aprili 1998

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na heri ya Idi iliyopita. Goti la Nermin limepata nafuu, hataki kukiri kwamba ni kabichi. Erol anataka kuoa msichana wa Kijerumani anayeitwa Sabine. Nermin analia.

Tuncay amerudi kutoka kwako akiwa na furaha isiyo kifani. Anasema wewe ni hazina. Anaomba mambo madogo tu. Kwanza, uvae ile suruali pana ya maua ya marehemu Mama, siyo hiyo sketi yako ya kijivu. Pili, zile kandambili za plastiki za buluu zisionekane mbele ya wageni, zinaharibu picha. Tatu, televisheni ifunikwe kwa kitambaa. Anasema ulimjibu kwa ukali. Dada, yule ni kijana msomi, amesomea mambo haya miaka minne. Sisi tumezaliwa hapo kwa hiyo hatuoni kitu. Nakuomba usitutie aibu kwa maneno ya kishamba.

Wageni wa kwanza, wa kujaribia, watafika mwanzoni mwa Juni. Karatasi inatakiwa iwe imesainiwa kabla ya mwisho wa Septemba. Baada ya hapo Tuncay ataenda kijiji kingine, na vijiji vyenye mto ni vingi. Ukiona chumba cha chini hakikufai, tunaweza kukutafutia chumba mjini, karibu na hospitali.

Ndugu yako,
Nevzat


Karasaz, 12 Juni 1998

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Mwache Erol aoe huyo Sabine. Kama anajua kupika supu na hapigi kelele, Nermin atafute jambo jingine la kulilia. Ndama anaendelea vizuri. Forosadi zimeiva, njia yote imekuwa ya zambarau, na nyigu wamefurahi kuliko watu.

Hazina yako inakuandikia ikiwa imevaa kandambili za buluu.

Wageni wamekuja. Walikuwa sita, wanne wa Istanbul na wawili wa Uholanzi, na mizigo kana kwamba wanahama. Mwanamke mmoja, mchora ramani za majumba, alinikuta naanika unga wa supu juu ya shuka, akasimama pale akatokwa machozi. Akaniambia, "Mama, huu ndio ukweli wa maisha." Nikamwambia, "Huu ni mtindi na ngano, mwanangu, sogea unaziba jua." Mume wake akauliza kondoo wangu anaitwa nani. Nikamjibu anaitwa Idi, na sababu ataijua siku ikifika. Hakula nyama tena mpaka anaondoka.

Wanasema hapa pana utulivu. Wamelala mpaka saa nne, mimi nimekwisha kukamua, kuoka na kupalilia, halafu wananitazama nikiketi kidogo na kusema, ona jinsi wanavyoishi polepole. Mbu waliwala vizuri. Mmoja wa Uholanzi alivimba jicho, akaandika kwenye daftari kwamba usiku wa mtoni hausahauliki.

Siku ya kuondoka, huyo Tuncay akanipa birika la shaba, akaniambia nimwage maji nyuma ya gari lao, ni desturi nzuri, wageni wataipiga picha. Nikamuuliza, "Wewe mama yako hakukufundisha? Maji yale humwagwa nyuma ya mtu wako, aende na kurudi kama maji. Hawa ni watu wangu?" Akasema, "Bibi, ni pambo tu." Nikamrudishia birika lake. Akamwaga mwenyewe, akajilowesha viatu.

Hilo si kitu. Kubwa ni hili. Asubuhi kabla ya wageni kufika, alipanda paa na kuweka chupa ya buluu juu ya dohani, imefungwa utepe. Nilitoka na jembe.

"Teremsha ile chupa," nikamwambia.

"Bibi Hasibe, nimesoma kwamba vijiji vyenu vilikuwa na mila hii. Inapendeza sana."

"Umesoma na maana yake? Chupa juu ya dohani ni kusema nyumba hii ina binti wa kuolewa. Anayemtaka huipiga risasi ikavunjika, kisha wazee wake huja kuposa. Mimi nina miaka arobaini na saba. Unataka watu wanicheke hata makaburini?"

"Nani anafuata mambo hayo leo?" akasema, akacheka, chupa akaiacha pale pale.

Wewe unakumbuka kwamba ile yangu iliwekwa mwaka sabini. Baba aliiteremsha mwaka sabini na tisa, nzima, imejaa vumbi na mavi ya njiwa. Miaka tisa hakuna aliyepoteza risasi. Sijawahi kuandika habari hiyo kwa mtu, naiandika leo kwa sababu nina hasira.

Siku ya tatu ya wageni, wakati wa chai ya asubuhi, mlio ukapasuka upande wa mto na vigae vya chupa vikanyesha juu ya roshani, vingine ndani ya siagi. Wale sita wakalala chini. Mchora ramani akapiga kelele kwamba ni vita. Tuncay alijificha nyuma ya ng'ombe, nilimwona kwa macho yangu.

Alikuwa ni mwanamume mmoja wa ng'ambo ya mto, mjane. Kesho yake akaja na ami yake mzee, aliyevaa koti la kuendea harusi za watu, wakaketi chumba cha wageni na viatu wameviacha mlangoni kwa adabu. Ami yake akaanza, "Kwa amri ya Mungu na kwa sunna ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yenu Hasibe." Binti. Wageni walikuwa wamejazana mlangoni na kamera zao, mmoja akapiga makofi. Sikuwa na baba wa kujibu wala kaka. Nikaenda jikoni nikafanya linalofanywa na kila msichana anayeposwa, nikapika kahawa. Kwa hasira nikatia chumvi vijiko vitatu. Mwanamume yule akainywa yote, akaweka kikombe chini, akasema, "Mikono yako isiumie." Hakupepesa hata jicho.

Niliwaambia waende. Walipokuwa wakivaa viatu, aliniambia jambo moja pale kwenye ngazi. Sijaliamini, kwa hiyo siliandiki.

Hasibe


Stuttgart, 3 Julai 1998

Dada yangu mpendwa sana, nuru ya nyumba yetu,

Natumai u mzima wa afya, na ndama ni mzima, na jirani yetu Cemile mguu umepona, na forosadi hazijaisha, na Hilmi na familia yake wote hawajambo. Sisi huku ni wazima kabisa. Nermin ni mzima, Erol ni mzima, Sabine naye ni mzima. Hali ya hewa ni nzuri. Kiwandani pia ni kuzuri.

Tuncay ameniandikia kwa masikitiko. Mgeni mmoja amedai fidia ya kutishwa. Hata hivyo yule mwingine, mchora ramani, amemwambia kila mtu kwamba alishuhudia posa halisi ya kijijini, na sasa wengine kumi na wawili wanataka kuja. Unaona? Hata balaa la hapo ni biashara. Tuncay anauliza kama jambo hilo laweza kufanyika tena kila wiki, bila risasi ya kweli.

Huyo Bekir usimpe nafasi. Watu wa ng'ambo ni maneno mengi na mikono mitupu, na yeye tangu mwaka ule alidhani kuvunja chupa ya watu kunampa haki ya kuingia ndani. Kahawa ameshakunywa, inatosha. Usimfungulie mlango tena.

Saini, Dada. Septemba si mbali.

Akupendaye,
Nevzat


Karasaz, 21 Julai 1998

Nevzat,

Ng'ombe mzima, mimi mzima. Leo salamu ni hizo.

Katika barua yangu sikutaja jina la mtu. Niliandika mwanamume mmoja wa ng'ambo. Ng'ambo kuna nyumba arobaini, na wajane watano ninaowajua mimi. Tuncay hajui jina lake, humwita mzee wa bunduki. Usiniambie pia kwamba ni Hilmi aliyekupigia simu. Nimemuuliza, na Hilmi hajawahi kufaulu kuficha neno tangu azaliwe. Basi wewe ulijuaje kwamba ni Bekir?

Na mwaka ule ni mwaka upi?

Nitakuandikia sasa alichosema kwenye ngazi. Alisema vuli ya mwaka sabini na moja, alfajiri, alivuka mto na bunduki ya baba yake akaivunja chupa yangu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alirudi nyumbani akawaambia wazazi wake, mama yake akaoka, wakajiandaa. Siku ya tatu walivuka na wazee wao, na walipofika kwenye mjozi, ule mti wetu wa mbele ya nyumba, wakatazama juu, wakaona chupa imesimama pale pale, nzima. Unajua chupa iliyorudishwa ina maana gani. Nyumba imekataa, nendeni, tusivunjiane heshima mbele ya watu. Waligeuka wakarudi, na hawakutaja jambo hilo tena. Baada ya miaka miwili alioa kwingine. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema.

Vuli ile Mama alipooza. Baba na mimi tulikuwa naye hospitalini Konya siku tisa. Nyumbani ulikuwa peke yako.

Nakumbuka tuliporudi nilitazama juu nikaona chupa inang'aa kuliko nilivyoiacha. Nilidhani mvua imeiosha.

Sitaki salamu za Sabine, wala habari za hali ya hewa. Nijibu.

Hasibe


Stuttgart, 28 Septemba 1998

Dada Hasibe,

Nimechelewa kwa sababu ya kazi, halafu likizo, halafu Nermin. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Ndiyo, nilikuwa peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Karatasi za Ujerumani zilikuwa zimeshatoka, nilikuwa nimezificha chini ya godoro. Mama alikuwa anarudi nyumbani akiwa hawezi hata kushika kijiko. Wewe ukiolewa, nani angebaki naye? Baba angeniambia nibaki, na mimi ningebaki, ningekuwa leo nakaa kwa Hilmi nacheza karata na kulaumu serikali. Nilisikia mlio, nikatoka, nikaona vigae vya chupa. Nilisimama uani kwa muda mrefu, sikumbuki nilifikiri nini. Kisha nikachukua chupa ya siki jikoni, nikaimwaga, nikapanda. Ilinichukua dakika tano tu.

Nilidhani angerudi. Mtu anayetaka kweli huvunja mara ya pili. Hakurudi, kwa hiyo ujue alivyokuwa. Tena ungepata nini ng'ambo? Mizinga ya nyuki, tope, na mama mkwe mwenye masharubu. Mimi nilikutumieni friji. Nilituma televisheni. Paa jipya ni langu. Nusu ya kijiji kile haina choo cha ndani, wewe unacho.

Hayo yamepita, Dada, miaka ishirini na saba. Nisamehe kama nilikosa. Sisi ni damu moja, tusigombane kwa ajili ya chupa ya siki. Tuncay amekubali kutusubiri mpaka mwisho wa Novemba, nimemwomba sana. Mwezi wa tano nitakuja mimi mwenyewe, tukae mtoni, tule forosadi kama zamani. Mara nyingine huku nausikia ule mto usingizini.

Tafadhali tia saini.

Nevzat


Karasaz, 8 Novemba 1998

Nevzat,

Baada ya salamu kwa Nermin, Erol na Sabine, ambao hawana kosa lolote, nakujibu.

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni nimesimama. Kisha nililia. Nililia kwa kelele, mpaka Cemile akaruka ukuta na mguu wake mbovu akidhani nimeungua. Sikumlilia Bekir, wala ujana. Nililia nilipokumbuka ile siki. Niliitafuta siku mbili, nikamwambia Baba huenda nimeisahau sokoni, akanigombeza, na wewe uliketi pale pale kwenye meza ukila mkate. Ulinitazama nikigombezwa, ukaomba chumvi.

Dakika tano, unasema. Mimi nimekaa chini ya chupa yako ya siki miaka minane. Kila asubuhi nilikuwa natoka na ndoo, natazama juu, naiona nzima, naenda kumgeuza Mama. Nilijiona mbaya wa sura. Nilijiona nina kasoro ambayo watu wote wanaijua ila mimi. Jambo hilo hukuwahi kuliwaza, na hata leo barua nzima umeandika hukuliwaza. Umeandika friji.

Nimekudharau, mdogo wangu. Nilidhani nawadharau wale wageni na kamera zao. Maskini, wale walikuja kutazama mto na kuumwa na mbu, hawakumchukulia mtu kitu.

Habari za huku ni hizi. Tuncay alikuja mwezi wa kumi kuchukua karatasi. Nilimpa. Ilikuwa imetandikwa chini ya kuku anayeatamia, kwa hiyo ilikuwa na joto. Ameondoka na birika lake la shaba kwenda kutafuta mto mwingine. Alisema, "Bibi, umeipoteza bahati ya maisha yako." Nikamwambia amechelewa, kazi hiyo ilishafanywa na mtu mwingine.

Bekir na mimi tumefunga ndoa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Hatukupiga ngoma, tuna miaka yetu. Ami yake Bekir alivaa lile lile koti. Kahawa safari hii niliipika bila chumvi, Bekir akaonja, akasema ile ya kwanza ilikuwa na ladha zaidi. Nilimuuliza kama kweli alidhani chupa ya Tuncay imewekwa na mimi. Akasema, "Nina macho, Hasibe. Ilikuwa na utepe. Nilijua ni ya wageni." Nikamuuliza kwa nini basi akaipiga. Akasema, "Nilitaka kuona mara hii kama kuna mtu atairudisha." Na mimi sikuirudisha, Nevzat. Ilikuwepo chupa nyingine ghalani, niliitazama, nikafunga mlango.

Nyumba yake ya ng'ambo amemwachia mwanawe. Yeye amehamia huku na mizinga kumi na minne. Imepangwa chini ya mjozi, na nyuki hawapendi watu wenye marashi, ulijue hilo kabla hujaja.

Maana umesema utakuja mwezi wa tano. Njoo. Hati ina majina mawili, na mimi sikuchukulii kilicho chako. Nimegawa nyumba. Chumba changu na jiko ni nusu yangu. Nusu yako ni vile vyumba viwili vya juu vya kona, vile vyenye mbu. Nimevipaka chokaa, nimetandika shuka, na mchora ramani ameshaandika kwamba atakuja na mama yake, kwa hiyo uniambie tarehe mapema nisije nikakosa nafasi. Chai ni saa mbili. Nitakukaribisha vizuri, kwa sababu nyumba hii haijawahi kumkaribisha mgeni vibaya. Utakula forosadi. Utakaa mtoni na kusema pana utulivu, wote husema.

Kuna jambo moja tu nikuambie sasa, lisije likakushangaza siku hiyo mbele ya watu. Ulipoondoka mwaka sabini na mbili nilimwaga ndoo nzima ya maji nyuma ya basi lako, mpaka dereva akacheka. Nilikimbia nayo mpaka kwenye daraja ili yasibaki hata matone, ili urudi. Safari hii ukiwasha gari usitazame kwenye kioo cha nyuma. Wageni hatuwamwagii maji.

Hasibe